Zamu ya Kui

Siku Kui alipozima stima ya ploti nzima, wapangaji hawakuulizana ni nani. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, na jua la Makongeni lilikuwa limekaa juu ya mabati kama pasi ya moto. Redio zilinyamaza kwa pamoja. Kinyozi wa pale getini akatoka na mashine mkononi, mteja wake nyuma yake na kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado, na wote wawili wakageukia kule kila mtu alikokuwa amegeukia: kwenye sanduku la mita.

Kui alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, bisibisi mkononi. Fyuzi alizokuwa ametoa alizipanga chini juu ya leso, ndogo kwa kubwa, vile walivyofundishwa chuoni kabla hajaacha masomo. Hakuwa na fujo. Angekuwa na fujo labda watu wangeogopa, na mtu anayeogopa hucheka kidogo.

"Wanapitia kwa waya," alimweleza mama yake, kwa sauti ya fundi anayemweleza mteja. "Nikiacha hata moja, wanarudi."

Waithira alikuwa amekuja mbio kutoka kwenye mashine yake ya kufumia sweta za shule, uzi wa maruni bado umemzonga kidole. Alimwambia binti yake yale aliyokuwa akimwambia tangu ugonjwa uanze: kwamba hakuna mtu kwa waya, kwamba hizo ni fikira tu, kwamba ashuke waombe. Kui alimtazama kama mtu aliyepiga hodi akafungiwa mlango. Kisha akashuka, akampa bisibisi, akaingia ndani. Msichana wa miaka ishirini na mbili, shingo imeinama upande mmoja tangu aanze dawa, kama mtu anayesikiliza ukutani.

Mzee Kagwe, mwenye ploti, hakukawia kufika. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alivua kofia kwanza.

"Mama Kui, mimi nimekuvumilia kama dada yangu. Lakini hapa kuna watoto. Leo ni fyuzi, kesho tutazika mtu. Huyu mpelekeni kule wanakopelekwa wenzake."

"Wenzake ni akina nani, mzee?"

Mzee Kagwe alitazama kofia yake. Nyuma yake mteja wa kinyozi aliuliza kama atamaliziwa au aende hivyo kanisani Jumapili, na watu wakacheka kile kicheko kidogo walichokuwa wakikitafuta.

"Nipe hadi Ijumaa," Waithira alisema. "Ijumaa ndiyo zamu yetu."

Mzee hakuuliza zamu gani. Alimpa hadi mwisho wa mwezi, akasema ni kwa sababu ya Zacharia, mume wake Waithira, ambaye ni mtu wa heshima.

*

Zacharia alirudi jioni kutoka kiwanda cha ngozi, akiwa na ile harufu ambayo sabuni haijawahi kuishinda. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Alipoketi alirudia lile neno lililokuwa limelala kati yao kama mtu wa tatu kitandani: kipande chao cha shamba kule Gatuanyaga, na mbuzi. Wauze. Kui apelekwe kwa daktari wa kulipia, wa kumwona kila wiki, siyo kule kliniki anakoulizwa "unaendeleaje" na mtu ambaye hajainua macho.

"Tumengoja miaka miwili, Baba Kui. Tushindwe na siku tatu?"

"Wewe ndiye uliyengoja," Zacharia alisema. "Mimi nilingojeshwa."

Usiombe hukumu ya Mungu kisha ukaikimbia ikiwa bado njiani, ndivyo Waithira alivyolelewa. Alifungua kabati akatoa kikombe kipya alichonunua sokoni Madaraka, chenye maua, akakiosha ingawa kilikuwa safi. Kilikuwa cha yule muuguzi atakayekuja nyumbani.

Kwa maana hii zamu, Waithira hakuiota. Miaka miwili iliyopita Kui alipoanza kusikia watu, hospitali iliwapeleka kwa mradi wa utafiti. Ulikuwa utafiti wa vijana ambao ndio kwanza wameanza kuugua akili, na wakubwa wake walisema kijana akishikwa mapema, kabla ugonjwa haujaota mizizi, anaweza kurudi kwenye maisha yake. Waithira alikuwa amelia kwa kusikia hayo, maana mchungaji na majirani walikuwa tayari wanamzungumzia Kui kwa wakati uliopita. Siku hiyo, kwenye benchi, aliketi karibu na mwanamke kutoka Ruiru aitwaye Nelima, aliyekuja na kijana wake Dalmas. Dalmas alikuwa amejifunika blanketi kichwani katika joto lile. Akina mama hao wawili hawakuwa na haja ya kuulizana kilichowaleta. Walipeana nambari za simu kabla ya kupeana majina.

Msichana wa mradi, Mourine, ndiye aliyewaita. Aliwaeleza kwamba bahasha zimefungwa, hata yeye hajui kilichomo, na kwamba ni kura. Wenye karatasi ya kijani watapata muuguzi wa kuwatembelea nyumbani, mikutano ya familia, daktari wa kubadilisha dawa zikikataa, na mtu wa kumsaidia kijana kurudi shule au kazini. Wenye manjano wataendelea na kliniki ya kila mwezi. Nelima alitoa kijani. Waithira alitoa manjano. Lazima uso wake ulisawijika, kwa sababu Mourine alimshika bega akasema, "Usijali mama, hakuna atakayeachwa."

Basi wewe usiyemjua Waithira lazima ujue hili: alikuwa katika chama cha wanawake cha kuchangiana pesa kwa miaka kumi na minane. Katika chama, mwanzo wa mzunguko, karatasi zenye nambari hutiwa ndani ya sufuria, wanawake huomba, kisha kila mmoja huingiza mkono. Anayetoa ya kwanza hupokea kwanza. Anayetoa ya mwisho hanung'uniki, hapeleki kesi, hamwonei jirani kijicho, kwa kuwa anajua mkono uliompa mwingine leo utampa yeye kesho. Kura haikatai mtu. Kura hupanga tu. Hajawahi kuona, wala kusikia, kura ambayo upande mmoja wa sufuria hauna kitu.

Kwa hiyo alingoja. Alimpeleka Kui kliniki, akapanga foleni, akapokea dawa zilipokuwepo. Zacharia alipotaka kuuza mbuzi, alimwambia asimtangulie Mungu. Na Mourine alipopiga simu kuwaalika Ruiru siku ya Ijumaa, kwa sababu "awamu imekamilika na kuna mambo ya kuwaambia familia," Waithira alipiga magoti hapo hapo kwenye nyuzi zake.

*

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa hoteli moja Ruiru, viti vimevishwa vitambaa vyeupe na kufungwa riboni kama arusi. Zacharia aliomba ruhusa kazini, siku bila malipo, akabaki na Kui. Waithira alivaa suti yake ya Umoja wa Wanawake wa kanisani na kitambaa cha kichwa. Mlangoni alibandikwa kifuani karatasi iliyoandikwa MZAZI, akaonyeshwa safu za nyuma. Za mbele zilikuwa za wageni.

Nelima alikuwa safu ya pili. Alimpungia mkono, akashusha macho haraka. Waithira alidhani ni haya ya kuketishwa mbele.

Daktari Kaleli, mkubwa wa mradi, alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyeongea Kiswahili kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alisema matokeo yamewapa moyo kuliko walivyotarajia. Akabonyeza kitufe, na ukutani ikatokea picha ya mistari miwili. Mmoja ulipanda kama njia ya kwenda kilimani. Wa pili ulitambaa, ukatambaa, kisha ukateremka. Ukumbi ukapiga makofi. Waithira naye alipiga makofi, kwa nguvu, kwa sababu mstari uliopanda ulikuwa mzuri kweli na alijua ni watoto wa watu.

Mikono yake ilikuwa bado inagongana alipoona rangi. Uliopanda ulikuwa kijani. Ulioteremka ulikuwa manjano.

Akaacha kupiga makofi. Aliiweka mikono mapajani, na kwa muda hakusikia lolote lililosemwa. Alikuwa akiutazama ule mstari wa manjano, akimtafuta Kui ndani yake. Hapa ndipo alipoacha chuo. Hapa ndipo shingo ilipoanza kupinda. Hapa pa mteremko ndipo alipokataa dawa akazificha ndani ya godoro. Walikuwa wanajua. Kila mwezi Mourine alikuwa akipiga simu na kuuliza maswali yale yale, amelala vipi, amekula vipi, na yeye Waithira alikuwa akijibu kwa shukrani, akidhani anaulizwa na mtu atakayekuja.

Nelima aliitwa kutoa ushuhuda. Alisimama akasema kwa ufupi, bila kuinua macho, kwamba Dalmas sasa anapakia vigae kwenye ghala moja hapo Ruiru, anaamka mwenyewe, na akisikia vibaya anasema. Wageni walimpigia makofi tena. Mmoja alimpiga picha.

Waithira aliinua mkono. Ilibidi auinue mara mbili.

"Mimi ni Mama Kui, natoka Thika. Tunashukuru kwa makaribisho. Nilikuwa nauliza tu, sisi wa manjano tunaanza lini?"

Mgeni mmoja wa mbele alicheka, akidhani mama ametania. Daktari Kaleli hakucheka.

"Mama, hakuna kuanza. Utafiti umeisha."

"Umeisha wa kijani. Nauliza wetu."

"Wenu ndio huo huo, mama. Ilibidi kuwe na watakaopata huduma mpya na watakaobaki na ya kawaida, ndipo tulinganishe. Bila nyinyi tusingejua kama huduma inasaidia. Mmesaidia sana."

"Na sasa mmejua."

"Tumejua."

"Basi wapeni."

Daktari alieleza kwamba fedha za mradi zilikuwa za muda maalum, kwamba wauguzi wamemaliza mkataba, kwamba wataipelekea serikali ripoti nzuri sana, na serikali ikiona itaweza kuanzisha huduma hiyo kwa wote. Alieleza pia kwamba hayo yote yalisomwa siku ya kwanza na wazazi wakakubali. Haikuwa uongo. Yalisomwa. Yalisomwa kwa mama ambaye binti yake alikuwa amekaa chini ya benchi akiziba masikio, na ambaye angekubali hata kama angesomewa orodha ya bei za saruji.

Waithira alimgeukia Mourine, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta na bunda la karatasi kifuani.

"Mourine mwanangu, wewe uliniambia hakuna atakayeachwa."

"Nilimaanisha kliniki, mama. Kliniki ya kawaida iko."

"Kliniki ilikuwa iko hata kabla yako."

Kisha yalikuja yale ya bunda la karatasi, fomu za kutiwa sahihi, na ingekuwa heri yasingekuja siku hiyo. Mradi, Daktari Kaleli alisema, umepata njia ya kuendelea kuwafuatilia vijana wote, kijani na manjano, kwa miaka kumi. Dunia inataka kujua hawa watoto mwishowe hufika wapi. Hakuna gharama kwa familia. Watu wa mradi watawatembelea nyumbani mara moja kwa mwaka.

Waithira alikuwa bado amesimama.

"Mtakuja nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mkimkuta Kui yuko chini zaidi?"

Daktari Kaleli alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliomshinda. "Tutaandika," alisema.

"Mtaandika." Waithira alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Daktari, mimi nimesoma hadi darasa la saba. Haya ya mistari siyajui. Lakini kule kwetu mtu akikuta mtoto wa mwenzake amezama kisimani, haketi ukingoni kuandika anavyokunywa maji. Na kama kamba iko mkononi mwake, na ameshaona kwa mtoto mwingine kwamba kamba inatoa, halafu akaikunja akaenda nayo, huyo mtu tunamwita jina. Sitalisema hapa kwa sababu mmenipa chai."

Hakutia sahihi. Mourine alimfuata hadi mlangoni kumpa bahasha ya nauli, kwa sauti ya chini, akimwambia asiiache, ni haki yake. Waithira aliibandua ile karatasi ya MZAZI kifuani, akaibandika juu ya bahasha, akamrudishia vyote viwili.

*

Nelima alimkuta nje kwenye uwanja wa magari, anatembea haraka kuelekea barabarani.

"Mama Kui, ngoja."

Waithira alingoja, kwa kuwa hakuwa na ugomvi na Nelima. Hapo alikuwa bado hana.

Tangu siku ya benchi walikuwa wakipigiana simu. Na kila mara Waithira alikuwa akiuliza lile swali moja: huyo muuguzi akija huwa anafanya nini hasa? Kila mara Nelima alikuwa akijibu kwamba ni mambo ya kawaida tu, dawa na kuongea. Sasa, kati ya magari ya wageni, alisema lingine. Alisema kulikuwa na mafunzo. Jumamosi kwa Jumamosi, wazazi wa kijani walifundishwa jinsi ya kuishi na mtoto anayesikia sauti, nini cha kumjibu, nini cha kutomjibu. Walifundishwa dalili za kuanguka tena kabla hajaanguka. Walifundishwa kwamba ile shingo kupinda ni dawa inayofanya hivyo, na kuna tembe ndogo ya kuilegeza, na hata kliniki ya kawaida huwa nayo ukiiomba kwa jina.

"Shingo ya Kui ni dawa?"

"Ya Dalmas ilipinda wiki ya pili. Walimbadilishia."

Waithira alishika boneti ya gari lililokuwa karibu. Lilikuwa la moto, lakini hakuondoa mkono. Shingo ile aliiombea kwa kufunga. Shingo ile mchungaji aliiwekea mikono mbele ya kanisa zima akisema ni pepo anayeishika shingo ya binti wa watu, na Kui akaacha kwenda kanisani. Kwa sababu ya shingo ile Kui alificha dawa ndani ya godoro, kwa kuwa ni nani atakayekubali kumeza kitu kinachomkunja kama waya? Naye alimpiga kwa kuzificha. Mara moja tu, lakini alimpiga.

"Ulijua," alimwambia Nelima.

"Tuliambiwa tusiwaambie. Ati tukiwaambia nyinyi wa manjano, mtafanya kama sisi, na hesabu yao itaharibika. Atakayesema atatolewa."

"Ukaogopa kutolewa."

"Nilikuwa na mtoto ameanza kula kwa mara ya kwanza, Mama Kui. Wewe hungeogopa?"

Waithira alilifikiria swali hilo kwa haki, maana ndivyo alivyokuwa. Angeogopa. Angenyamaza kama kaburi, na angejibu simu vile vile, dawa na kuongea. Kujua hivyo hakukumpunguzia chochote. Kuliongeza tu watu wa kuwakasirikia, na yeye mwenyewe akawa mmoja wao. Watu hao walikuwa wamechukua wanawake wawili waliokuwa na shida moja, wakampa mmoja maji, kisha wakamfundisha kumficha mwenzake kisima.

"Njoo Jumapili," alisema mwishowe. "Uje na Dalmas. Na usiniletee mandazi."

*

Zacharia alimsikiliza hadi mwisho. Kui alikuwa amelala chumba cha ndani, na walizungumza kwa sauti ya watu walio kwenye matanga. Waithira hakuficha kitu. Alisema kuhusu makofi aliyopiga. Alisema kuhusu shingo. Alipofika kwenye mbuzi na shamba alingoja apigwe na maneno, kwa sababu sasa mume wake alikuwa na haki nayo.

"Shamba liko," Zacharia alisema. "Miaka ndiyo haiko."

Asubuhi yake alikwenda kwa mzee Kagwe na kufuli kubwa, akamwonyesha jinsi sanduku la mita litakavyofungwa, na funguo zikae kwa mzee mwenyewe. Mzee Kagwe alikubali lifungwe. Kuhusu mwisho wa mwezi, alisema atatazama.

*

Jumapili Nelima alikuja mikono mitupu kama alivyoagizwa. Dalmas alikuwa amenyoa, mwembamba, vumbi la vigae limemkaa kwenye mistari ya viganja hata baada ya kuoga. Alimwamkia Zacharia kwa heshima, akamwambia Waithira "shikamoo mathe," kisha akauliza Kui yuko wapi.

Kui alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi juu ya jiwe la kufulia, akiutazama ukuta. Waithira alitaka kumtangulia ili amtayarishe, amwambie avae vizuri, asimwaibishe mgeni. Nelima alimvuta mkono akambakisha mlangoni.

"Mwache. Hilo ndilo la kwanza."

Dalmas alichuchumaa mbali kidogo, siyo mbele ya Kui, kando yake, naye akautazama ukuta ule ule.

"Niaje."

Kui aliendelea kuutazama ukuta.

"Wangu leo wako chini," Dalmas alisema, kama mtu anayezungumzia mvua. "Jana walinisumbua job siku mzima. Wananiambia hizo vigae zina majina ya watu ndani. Wako wanasema nini?"

Tangu ugonjwa uanze, kila mtu katika maisha ya Kui alikuwa amemwambia hakuna sauti: mama, baba, mchungaji, majirani, daktari asiyeinua macho. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza zinasema nini.

Kui aligeuka. Aligeuza mwili wote, kwa sababu ya shingo.

"Ni wawili," alisema. "Mwanaume na mwanamke. Wanasema mathe anataka kunirudisha kwa watu."

"Watu gani?"

"Hawajasema."

"Hao wa kutosema ndio wabaya," Dalmas alisema. "Wangu pia walikuwa hivyo. Hiyo shingo inauma?"

"Sana."

"Kuna dawa yake. Nilipewa. Nitakuandikia jina uwashow kule kliniki."

Kui alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasogea kidogo kwenye jiwe, akamwachia nafasi ya kuketi. Hakutabasamu. Hapakuwa na muujiza wowote pale nyuma ya nyumba. Palikuwa na watoto wawili wagonjwa wakiulizana habari, mmoja akiwa ameshikwa mkono mapema, na mwingine akiwa amehesabiwa.

Waithira alirudi ndani, akaketi. Nelima alimkuta amekunja ngumi mbili juu ya meza, uso mkavu.

"Ni hilo tu?" Waithira aliuliza. "Ni kuuliza tu wanasema nini?"

"Kuna mengi. Lakini linaanza na hilo."

"Hilo halihitaji fedha za ng'ambo, Nelima. Hilo ningeambiwa kwa simu. Mourine alinipigia kila mwezi. Angemaliza maswali yake akaniambia, mama, muulize wanasema nini. Dakika moja. Nilinyimwa dakika moja kwa miaka miwili ili mstari wao uteremke vizuri."

Nelima hakumtetea mtu. Alivuta kiti, akaanza yale ya Jumamosi ya kwanza, jinsi alivyofundishwa: usibishane na sauti, usikubaliane nazo, uliza zinamfanya ajisikie vipi. Waithira alisikiliza kama alivyosikiliza Neno siku zote, midomo ikirudia chini kwa chini. Zacharia alisogeza stuli yake karibu bila kuitwa. Wakapitia hivyo mafunzo ya Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chai ilipoa, hakuna aliyeikumbuka.

Katikati ya ile ya nne Waithira alimkatiza.

"Yule mama wa Kiganjo aliyekuwa analia siku ya kura. Alitoa rangi gani?"

"Manjano."

"Na yule mzee wa Juja aliyekuja na mjukuu?"

"Manjano pia, nadhani. Nambari yake ninayo."

Waithira aliinuka, akachukua kitambaa chake cha kichwa kilichokuwa mgongoni mwa kiti, akakifunga kwa kukikaza, kama mtu anayetoka.

"Basi hayo yaliyobaki utanifundisha tukiwa njiani. Leo ni Jumapili, watakuwa nyumbani."

Nelima alibaki ameketi. Mazoea ya miaka miwili hayamtoki mtu siku moja.

"Na utafiti wao, Mama Kui?"

"Si ulimsikia daktari?" Waithira alisema, akimfungulia mlango. "Umeisha."